Kadi mama ya dola 600, waya wa Inga na shaba ya Kolwezi

Tuanze na hesabu. Prosesa ya Intel Core i9-13900K, iliyotoka mwaka 2022, inaweza kuvuta mpaka wati 253 wakati inafanya kazi kwa nguvu yote. Kwa mtu anayepasi nguo, wati 253 haiko kitu: pasi ya umeme inavuta mara nne ya hiyo. Lakini prosesa haikule volti 220. Inakula volti moja na kidogo, tuseme 1.2. Gawanya 253 kwa 1.2, utapata ampea zaidi ya 210. Sasa kumbuka ule waya unaotoka Inga kufika hapa Kolwezi, kilomita karibu 1700 za pori na mito. Ulipangwa kubeba megawati 560, kwa volti elfu 500 upande wa chanya na volti elfu 500 upande wa hasi. Maana yake ampea 560. Kwa hiyo kile kipande cha kadi kinachozunguka prosesa, upana wa kiganja, kinapitisha zaidi ya theluthi moja ya ampea za waya wa Inga.

Hesabu hiyo haijanitoka kichwani tangu tulipoanza kubishana, mu kikundi chetu kidogo cha ba-agronome, juu ya ordinatere ya kununua kwa kazi ya ramani za udongo na picha za drone. Mmoja anataka kadi mama ya juu kabisa, ASUS ROG Maximus Z790 Hero, ambayo ilitoka 2022 kwa bei ya zaidi ya dola 600. Mwingine anasema hiyo ni kutupa makuta. Mimi ni mtu wa mashamba, siko fundi wa ordinatere, lakini nilipoanza kusoma namna kadi hizi zilifika kuwa vile ziko leo, niliona historia yao inapita karibu sana na historia ya mji wetu.

Kwanza jina. Kadi mama, ile bafundi ba mu soko banaita karte-mere, njo kadi kubwa ambayo zingine zote zinapandwa juu yake: prosesa, memori, kadi ya picha, diski. Zile ndogo Wafaransa wanaziita kadi mabinti. Mwaka 1977 Apple II ilikuwa na nafasi 8 za kupokea mabinti. Tarehe 12 Agosti 1981 IBM ikatoa PC yake ya kwanza, yenye nafasi 5, na prosesa Intel 8088 iliyopiga mara milioni 4.77 kwa sekunde. Memori iliyokuwa juu ya kadi ile ilianzia kilobaiti 16. Picha moja tu ya drone leo ni kubwa mara mamia kuliko memori yote ile.

Ukikata kadi mama kwa upande na kuiangalia na mikroskopu, utafurahi kama uliwahi kuchimba shimo la profili mu kozi ya pedolojia. Ni tabaka juu ya tabaka: shaba, kisha kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi, kisha shaba tena. Kadi ya bei ndogo iko na tabaka 4 za shaba. Ya juu iko na 8 au zaidi. Wazo lenyewe tunalipata kwa Paul Eisler, muinjinia wa Vienna aliyekimbilia London mwaka 1936. Mbele yake, redio ilitengenezwa kwa kuunganisha waya mmoja mmoja kwa mkono. Yeye akasema: tubandike karatasi ya shaba juu ya ubao, tufunike pale njia zitapita, kisha asidi ikule ile mengine. Watu wa viwanda hawakumsikiliza haraka. Vita ya pili njo ilileta wateja, kwa sababu jeshi lilihitaji vifaa vidogo, vingi, vya kulipua makombora karibu na ndege ya adui.

Shaba ya kadi haiko shaba yoyote tu. Mababu wa nchi hii, Basanga na wengine, waliyeyusha malakiti miaka mamia mbele ya Mzungu kufika, wakaimwaga mu udongo na kupata ile misalaba midogo tunaona sasa mu myuzeo. Kilima ambacho miti inakataa kuota, na ua la shaba, Haumaniastrum katangense, linajaa pale, kilikuwa kinajisema chenyewe. (Hapa ningeweza kuandika kurasa kumi juu ya ua lile, lakini nitajizuia.) Shaba ya misalaba ilifaa kwa biashara na kwa mahari. Kwa umeme ni habari ingine, juu uchafu kidogo sana wa fosfori, aseniki ao chuma unatosha kuharibu njia. Mwaka 1913 Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliweka kipimo cha shaba inayopitisha umeme vizuri. Union Minière, iliyozaliwa 1906 na kutoa shaba yake ya kwanza kule Lubumbashi mwaka 1911, haikubaki na tanuru peke yake: mwaka 1929 elektrolizi ya Shituru ilianza kule Likasi. Mwaka 1937 Kolwezi ikazaliwa kuwa mji wa machimbo ya magharibi, na mwaka 1960 kiwanda cha Luilu kikaanza.

Wale wenye wazazi waliofanya kazi ku Luilu wanajua: shaba inayeyushwa mu asidi ya salfa, umeme unapita, shaba inashika ku katodi, uchafu unabaki nyuma. Sasa sikieni hii. Karatasi nyembamba ya shaba inayoingia mu kadi mama inatengenezwa kwa njia ile ile. Viwanda, vingi vyao viko Asia, vinachukua shaba safi, vinaiyeyusha tena mu asidi ya salfa, vinaishikisha juu ya ngoma ya titani inayozunguka polepole, na karatasi inavuliwa pale sawa ganda la kitunguu. Ni kazi ya Luilu inayorudiwa mara ya pili, mbali na hapa, na faida ya mara ya pili inabaki kule.

Unene wa karatasi hiyo unahesabiwa kwa aunsi. Aunsi 1 maana yake aunsi moja ya shaba iliyotandazwa juu ya futi moja ya mraba: mikromita 35 hivi. Mwaka 2008 Gigabyte ya Taiwan ilianza kutangaza kwa kelele kadi zenye tabaka za aunsi 2, mikromita 70. Matangazo yalisema joto litapungua. Hapo hawakudanganya: unene mara mbili, ukinzani nusu. Lakini tupime. Kadi ya kipimo cha ATX, kile Intel iliweka mwaka 1995 na kinachotumika mpaka leo, iko na milimita 305 kwa 244. Tabaka moja ya mikromita 35, ikijaa kadi nzima, ina uzito wa gramu 23 hivi. Weka tabaka 8, mbili kati yake ziwe za aunsi 2: unapata gramu 233, na hapo asidi haijakula bado sehemu zisizotakiwa. Mwezi wa tano 2024 bei ya shaba ku soko la London ilipita dola 10 000 kwa tani. Hata kwa bei hiyo, shaba yote ya tabaka za kadi ya dola 600 haifike dola 2 na nusu.

Nilirudia hesabu mara tatu.

Sasa hizo zingine zinalipa nini? Tusiseme haraka kwamba ni wizi. Sehemu moja inalipa kazi ambayo ni ngumu kweli. Njia za PCI Express 5.0, zinazounganisha prosesa na kadi ya picha, zinapitisha biti bilioni 32 kwa sekunde ku kila mstari. Biti moja inadumu picosekunde 31, na mu muda ule umeme ndani ya kadi unatembea milimita 5 tu, ao chini yake kidogo. Kama mstari mmoja ni mrefu kuliko mwenzake kwa sentimita moja, biti mbili zimepotezana. Ndiyo maana ukiangalia kadi mama karibu na memori, utaona mistari inapinda-pinda sawa nyoka bila sababu. Sababu iko: ile iliyo na njia fupi inapewa kona za bure ili zote zifike pamoja. Aliyewahi kupanga mifereji ya kumwagilia ataelewa mara moja. Epoksi ya kawaida nayo inakula nguvu ya ishara hizo, kwa hiyo wanatafuta nyenzo bora na wanaongeza tabaka. Hiyo ni bei ya haki, kwa yule anayeitumia. Mwenye kadi ya picha moja ya kawaida haitumie.

Sehemu ya pili njo ile ya ampea. Boksi ya umeme ya ordinatere inaleta volti 12, na kadi mama yenyewe inazishusha mpaka 1.2 karibu kabisa na prosesa. Kwa nini karibu? Joto linalopotea njiani linafuata ampea mara ampea. Kwa ampea 210, hata ukinzani wa sehemu moja ya kumi ya miliomu unapoteza wati zaidi ya 4. Inga njo ilitufundisha hesabu hiyo kwa upande wa pili: kule walipandisha volti juu sana ili ampea zibaki chache kwa safari ndefu. Umeme unageuzwa kule Inga kuwa wa moja kwa moja, unasafiri, na hapa Kolwezi, mu kituo tunaita SCK, vali za thairista zilizotengenezwa na ASEA ya Uswidi ziliugeuza tena kuwa ule wa nyumba na mashini. Zile moduli ndogo nyeusi zilizopangwa kando ya prosesa, chini ya chuma kizito cha kupoza, ni SCK ya mlangoni. Transista zake zinafunga na kufungua mara laki kadhaa kwa sekunde, kwa zamu, na kila moja inabeba sehemu yake ya mzigo. Ile zamu njo banaita fezi.

Z790 Hero iko na 20 za namna hiyo kwa prosesa, na 1 ya ziada, kila moja ikiandikwa ampea 90. Piga 20 mara 90: ampea 1800. Prosesa inaomba 210. Mtetezi wa kadi atasema: kila moja ikibeba ampea 10 tu haitapata moto, itadumu. Ni kweli, na mu mji wenye vumbi kama wetu, ambapo feni inaziba kwa miezi miwili ya kiangazi, kadi inayopoa bila feni iko na thamani. Lakini 12 zinatosha kupata faida ile karibu yote. Zingine 8 ziko pale kwa ajili ya karatasi ya matangazo.

Na hapa historia ya waya wetu inasema kitu. Inga-Shaba ilianza kazi mwaka 1982. Ilijengwa kwa deni, juu ya hesabu kwamba machimbo ya Shaba yatapanuka sana. Mabwawa ya Nzilo na Nseke ya miaka ya 1950 yalikuwa tayari hapa ku Lualaba, na wengi walisema wakati ule, na wanasema mpaka leo, kwamba Kinshasa ilitaka zaidi mkono wake uwe ku swichi ya jimbo ambalo lilishajitenga mara moja. Upanuzi haukuja. Gécamines ilifika kilele mwaka 1986, tani karibu 476 000 za shaba. Mwezi wa tisa 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka. Mwaka 1993 uzalishaji ulikuwa chini ya tani 50 000. Waya wa ampea 560 ukabaki miaka na miaka ukipitisha mzigo mdogo kuliko uwezo wake, juu ya vijiji vyenye giza, kwa sababu umeme wa moja kwa moja wa volti nyingi vile hauwezi kukatiwa tawi kijijini bila kujenga kituo cha mamilioni. Deni lilihesabiwa kwa uwezo wote. Kwa hiyo mtu akinionyesha namba kubwa iliyoandikwa juu ya boksi, ya kadi ama ya bwawa, naulizia kwanza ni mzigo gani utapita pale.

Bei kubwa haikingi makosa pia. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 mpaka karibu 2007, mamilioni ya kadi mama duniani zilikufa kwa sababu ya kapasita za aluminiamu zenye maji mabaya ndani: zilivimba kichwa, zikapasuka, zikatoa majimaji ya kahawia. Zilikuwa mu mashini za bei ndogo na mu zile za makampuni yenye majina makubwa. Toka ugonjwa ule, kapasita za polima, kavu ndani, zikawa kawaida, kwanza ku kadi za bei, baadaye ku zote. Hiyo ni faida ya kweli ambayo leo unaipata hata kwa dola 120. Mwezi wa 12 mwaka 2021 ASUS iliita tena fungu la kadi zake za ROG Maximus Z690 Hero, dada mkubwa wa hii tunayobishania, kwa sababu kapasita moja ilipandwa kinyume na kadi zilikuwa naungua. Mwaka 2023 zamu ikafikia prosesa za AMD Ryzen 7000: baadhi ziliungua juu kadi mama ziliwapa volti nyingi, mpaka AMD ikaweka mpaka wa volti 1.3 ku sehemu ile. Mu nchi yenye duka la garanti, mteja anarudisha kadi. Hapa kwetu kadi ilikuja mu sanduku la mtu aliyetoka Dubai ao Lusaka. Nani atairudisha?

Na kuko jambo ambalo hakuna kadi mama ya bei yoyote inaliweza. Umeme ukikatika, boksi ya umeme inashikilia karibu milisekunde 16 ama 17, kufuatana na sheria ya ATX. Mzunguko mmoja wa umeme wetu wa hezi 50 ni milisekunde 20. Delestaji haiko ya milisekunde. Kwa hiyo pendekezo langu ku kikundi, na bayaya mnaojua zaidi mnaweza kunipinga hapa chini: kadi ya kipimo cha ATX kamili, juu kila fundi anajua kuifunga na sehemu zake zinapatikana, fezi 12 hivi zenye chuma cha kupoza cha kweli, nafasi 4 za memori, kwa sababu picha za drone zinakula memori kuliko kitu kingine, na ile kitufe cha kubadilisha programu ya msingi ya kadi bila prosesa kuwa ndani, ambayo itatuokoa siku tutanunua prosesa mpya. Taa za rangi, hapana. Kadi ya namna hiyo inapatikana chini ya dola 250. Zinazobaki ziende ku onduleri nzuri, boksi ya umeme ya maana na diski ya pili ya kuhifadhi.

Nimalize na mawe mengine, maana watu wakisikia ordinatere wanasema mara moja kobalti. Kobalti ndani ya kadi mama ni kidogo sana. Mahali fulani inachanganywa na dhahabu ya migusano ili dhahabu iwe ngumu. Bati linalolehemu kila kitu, na tantali ya kapasita ndogo zingine, ni mawe tunayoyajua toka Manono. Jerimani, ambayo transista ya kwanza ilitengenezwa nayo kule Marekani mwezi wa 12 mwaka 1947, ilitoka kwa wingi Kipushi mu miaka ya 1950, mbele silikoni haijachukua kiti. Na ile betri ndogo ya mviringo, CR2032, inayolinda saa ya kadi wakati umeme haiko, haina kobalti kabisa. Ni litiamu na manganizi. Ukiitoa, kadi inasahau tarehe. Manganizi yetu iko Kisenge, upande wa magharibi wa Lualaba. Ilikuwa nateremka na reli ya Benguela mpaka bandari ya Lobito, mpaka vita ya Angola ilipokata njia mwaka 1975, na marundo yaliyochimbwa tayari yakabaki pale pale kando ya mgodi.